Seva ya Linux imeganda kwenye diski: anzia wapi, uangalie nini

Ping inajibu. SSH inakupokea, unaweka nywila, halafu kishale kinakaa tu. Au umeshaingia, unaandika `df -h`, kimya. Unabonyeza Ctrl+C, haisikii. `uptime` inaonyesha mzigo wa 180, ilhali `top` inasema CPU imepumzika kwa asilimia 95. Hapa ndipo wengi hukimbilia kuzima na kuwasha. Ngoja kwanza. Ukiizima sasa, ushahidi wote ulioko kwenye RAM unapotea, na kwenye logi hutakuta kitu, kwa kuwa diski iliyoganda mara nyingi ndiyo hiyohiyo ambayo logi zilitakiwa kuandikwa. Tatizo litarudi, na utakuwa unaanza upya.

Seva ya namna hii kwa kawaida haijafa. Kuna mchakato unasubiri kitu, nyuma yake kuna mingine inausubiri huo, na foleni inazidi kurefuka. Kazi yako ni kufika mwanzo wa foleni.

## Mzigo uko juu, CPU haina kazi

Linux, inapohesabu mzigo, haihesabu tu michakato inayotaka CPU. Inahesabu pia iliyo katika hali ya D, yaani iliyolala ikisubiri jibu la diski au mtandao bila kukubali kuamshwa na ishara yoyote. Ndiyo maana `kill -9` haifui dafu: ishara inapokelewa, lakini itatekelezwa siku mchakato utakapoamka. Usiirudie mara kumi.

Iorodheshe hivi:

```
ps -eo pid,stat,wchan:32,comm | awk '$2 ~ /^D/'
```

Nimeandika `comm` kwa makusudi, sikuandika `cmd`. Ili kuonyesha amri nzima pamoja na hoja zake, `ps` inalazimika kusoma kumbukumbu ya mchakato wenyewe, na mchakato ulioganda vibaya unaweza kuigandisha na `ps` yako. Ukiona `ps aux` inafika katikati ya orodha inasimama, sababu ndiyo hiyo.

Ukishapata PID (namba ya mchakato, hapa mfano ni 2314), angalia iko wapi ndani ya kerneli, kiini cha Linux:

```
cat /proc/2314/stack
```

Majina utakayoyaona yanatisha, lakini huhitaji kuyaelewa yote. Soma mistari ya juu. Ukikuta `rpc_wait_bit_killable` au chochote kinachoanza na `nfs`, tatizo liko kwenye mtandao au seva ya NFS (mfumo wa kushiriki mafaili kupitia mtandao). `jbd2_log_wait_commit` maana yake ni ext4 (mfumo wa faili) inayosubiri jurnali yake, yaani daftari la mabadiliko, iandikwe. `balance_dirty_pages` inakuambia kwamba waandishi wamebanwa makusudi kwa sababu RAM imejaa data ambayo bado haijafika diskini. `blk_mq_get_tag` ni foleni ya diski yenyewe kujaa. `raid5_get_active_stripe` inakupeleka moja kwa moja kwenye RAID ya mdadm, yaani diski kadhaa zilizounganishwa kuwa kundi moja na programu.

Ukitaka picha ya wote kwa mpigo:

```
echo w > /proc/sysrq-trigger
dmesg -T | tail -300
```

`dmesg` inasoma kutoka RAM, kwa hiyo hujibu hata pale `journalctl` imekwama. Nakili matokeo kwenye kompyuta yako, usiyahifadhi kwenye seva. Humo huenda ukakuta pia mstari huu maarufu:

```
INFO: task mysqld:2314 blocked for more than 120 seconds.
```

Watu wengi huuchukua mstari huu kama ndio ugonjwa, wakaanza kuilaumu MySQL. Huo ni mlio wa king'ora tu. Kerneli imeona mchakato umekaa kwenye D zaidi ya sekunde 120, ikatoa taarifa. Aliyetajwa ni anayeumia. Aliyesababisha anaweza kuwa mwingine kabisa. Jambo jingine: kwa mpangilio wa kawaida kerneli hutoa onyo hili mara 10 tu (`kernel.hung_task_warnings`), kisha hunyamaza hadi utakapoiwasha upya seva au kuiweka upya namba hiyo. Kutouona mstari huo leo hakuthibitishi kwamba mambo ni shwari.

Kama diski ya mfumo ndiyo iliyokufa, hata `ls` na `cat` zinaweza kukataa kufunguka kwa sababu hazimo tena kwenye RAM. Amri zilizomo ndani ya bash zenyewe bado zinafanya kazi. `echo /etc/*` inachukua nafasi ya `ls`, na hii inachukua nafasi ya `cat`:

```
while read -r l; do echo "$l"; done < /proc/mdstat
```

## `df` inaganda, lakini huduma nyingine zinaendelea

Hii ni NFS hadi ithibitike vinginevyo. `df` huiuliza kila sehemu iliyopachikwa (mount) nafasi iliyobaki. Moja isipojibu, inasubiri hapo. Tumia `df -l`, ambayo inaruka za mtandaoni, na `findmnt -t nfs,nfs4`, ambayo inasoma orodha ya kerneli bila kuigusa seva ya mbali. Kwenye `dmesg` utaona `nfs: server 10.0.0.5 not responding, still trying`.

Usishangae ule mzigo wa 180. Mara nyingi ni programu ya ufuatiliaji inayopiga `df` kila dakika. Kila moja inaganda, mpya inaongezwa juu yake. Namba inatisha, lakini chanzo ni kimoja.

Jaribu bandari ya 2049 kwa `nc -zv 10.0.0.5 2049`. Ping ikipita na 2049 isipopita, nenda kwenye faiwoli, au huduma ya NFS imesimama kule. Kuna hali moja inayosumbua watu kuliko zote: `ls` ya folda ndogo inafanya kazi, lakini ukifungua folda kubwa au kunakili faili kubwa, kila kitu kinasimama. Hapo pima ukubwa wa pakiti. Kama kadi za mtandao zimewekwa MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 9000, tuma:

```
ping -M do -s 8972 10.0.0.5
```

Hizo 8972 ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP. Pakiti ndogo zikipita na hii isipopita, kuna swichi katikati ambayo haikubali pakiti kubwa. Mtu amebadilisha swichi hasemi.

Kwa upande wa kutibu: tangu kerneli 2.6.25, mchakato unaosubiri NFS unaweza kuuawa kwa `kill -9`, tofauti na anayesubiri diski ya ndani. Kwa hiyo hapa, na hapa tu, jaribu. Baada ya hapo `umount -f`, na ikishindikana `umount -l`. Ujue lakini kwamba `-l` inaiondoa njia hiyo isionekane tena. Waliokwishakwama ndani wanabaki walivyo.

Kuna watakaokushauri upachike kwa `soft` ili isigande tena. Kwa data inayosomwa tu, sawa. Kwa sehemu inayoandikwa, kataa. Kwa `hard`, programu inasubiri mpaka seva irudi. Kwa `soft`, muda ukiisha programu inapewa kosa, na programu nyingi hazina adabu ya kuangalia kosa la kuandika. Utapata mafaili yenye mapengo na hutajua lini yalipatikana.

## Diski yenyewe inasuasua

Dalili ni kuganda kwa vipindi: nusu dakika kimya, kisha mambo yanaendelea, kisha tena. Kwenye `dmesg`:

```
ata3.00: exception Emask 0x0 SAct 0x0 SErr 0x0 action 0x6 frozen
ata3: hard resetting link
blk_update_request: I/O error, dev sdc, sector 1953514584
```

Nusu dakika hiyo ina asili yake. Kerneli huipa diski sekunde 30 kujibu (soma `/sys/block/sdc/device/timeout`), baada ya hapo huikatiza na kuianzisha upya. Sasa, diski za bei nafuu zilizotengenezwa kwa kompyuta za mezani, zikikutana na sekta mbovu, zinaweza kung'ang'ana nayo kwa zaidi ya dakika mbili. Kerneli inakata tamaa kwanza, RAID inaiona diski kama imekufa na kuitoa kwenye kundi, wakati pengine ilikuwa na sekta moja tu mbovu. Angalia kama diski inakubali kuwekewa kikomo:

```
smartctl -l scterc /dev/sdc
smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdc
```

70 ni sehemu za kumi za sekunde, yaani sekunde 7. Kwa diski nyingi mpangilio huu hupotea umeme ukikatika, kwa hiyo uweke kwenye skripti ya kuwaka. Diski ikikataa kabisa, fanya kinyume: ongeza subira ya kerneli.

```
echo 180 > /sys/block/sdc/device/timeout
```

Kwenye `smartctl -a`, inayosoma SMART (taarifa ya afya ya diski), usidanganywe na neno PASSED. Hata diski mbovu kabisa inaweza kupita mtihani huo. Tazama namba 5 (sekta zilizohamishwa), 197 (zinazosubiri uamuzi) na 198 (zilizoshindwa kusomeka). 197 ikipanda siku hadi siku, agiza diski. Lakini namba 199 ikiwa ndiyo inayopanda na hizo nyingine ziko sifuri, badilisha waya kabla ya kutoa hela ya diski: hiyo inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na kontrola. Diski zikiwa nyuma ya kontrola ya RAID, huenda ukahitaji kuongeza kitu kama `-d megaraid,0` ili kuziona moja moja.

Kisha `iostat -x 1`. Tazama safu za `r_await` na `w_await`, ambazo ni muda wa kusubiri kwa milisekunde. Kwenye kundi la diski sita zinazofanana, tano zikiwa na 8 na moja ikiwa na 800, umeshampata mhusika, hata kama SMART inamsifia. Kundi zima linakwenda kwa mwendo wake. Safu ya `%util` kwenye NVMe (SSD za kasi) ipuuze: 100 hapo inaonyesha tu kwamba wakati wote kulikuwa na angalau ombi moja, na NVMe hushughulikia mengi kwa pamoja.

Diski mbili au tatu zikifa siku moja, usikimbilie kusema ni bahati mbaya. Novemba 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zinakufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, sawa na miaka 3, siku 270 na saa 8, kwa kosa la programu iliyo ndani ya diski. Diski zilizonunuliwa na kuwashwa pamoja zinafika saa hiyo pamoja, na hapo RAID haina cha kukuokoa. Angalia matoleo ya programu za diski zako.

## Inaganda saa ileile kila siku, au kila mwezi

Fungua cron na ratiba za systemd kabla ya kitu kingine. Kwenye Debian, mdadm huendesha ukaguzi wa RAID nzima Jumapili ya kwanza ya mwezi. `cat /proc/mdstat` itakuonyesha asilimia iliyofika, na `dev.raid.speed_limit_max` ndiyo breki yake.

Ikiwa ni usiku wakati wa bekapu, na mstari wa sekunde 120 unatokea bila kosa lolote la diski kabla yake, piga hesabu ya RAM. Kwa kawaida `vm.dirty_ratio` ni 20: data iliyoandikwa na kusubiri kwenda diskini inaruhusiwa kufika asilimia 20 ya RAM inayopatikana. Seva yenye GB 256 inaweza kurundika karibu GB 50. Kama diski inaandika MB 100 kwa sekunde, kumaliza mrundo huo ni sekunde 500. Hifadhidata inayoomba `fsync` (data yake ifikishwe diskini kwanza) katikati ya hapo inaweza kukaa foleni muda huohuo, na 120 zimeshapita zamani. Weka kikomo kwa baiti badala ya asilimia:

```
sysctl -w vm.dirty_background_bytes=268435456
sysctl -w vm.dirty_bytes=1073741824
```

Hiyo ni MB 256 na GB 1. Kisha uongeze au kupunguza kulingana na kasi ya diski zako.

Kuna mgando mwingine wa bekapu unaochanganya zaidi. Kusoma kunaenda vizuri, kuandika kumesimama, `dmesg` safi, na `iostat` inaonyesha sifuri tupu: diski haina kazi, na watu wanaisubiri. Hapo mfumo wa faili umefungwa makusudi. Programu ya bekapu ya mashine pepe huomba mfumo ugandishwe kwa sekunde chache ili ipige picha ya diski, kisha ugandishaji uondolewe. Ikifa katikati, hakuna anayeuondoa. Jaribu `fsfreeze -u /data`, au kutoka nje ya mashine, `virsh domfsthaw jina`. Kama unatumia LVM (mfumo wa kugawa nafasi ya diski), angalia `dmsetup info`: kifaa chenye `State: SUSPENDED` kinasubiri `dmsetup resume`. Na mkiwa na LVM ya aina ya thin, inayogawa nafasi kutoka bwawa la pamoja, piga `lvs -a` mtazame Data% na Meta%. Bwawa likijaa, maandishi hushikiliwa sekunde 60 kisha hurudishwa kama makosa, na mfumo wa faili ulio juu yake unapata jeraha ambalo halikuwa lake.

## "Read-only file system"

ext4 ikikuta muundo wake umeharibika, na ikiwa imewekewa `errors=remount-ro`, inajigeuza kuwa ya kusoma tu. XFS, mfumo mwingine wa faili, ina ukali zaidi: inajifunga kabisa, na kila ombi linajibiwa `Input/output error`. Zote mbili zinakulinda. Anayepiga `mount -o remount,rw` hapo ili tovuti irudi anaendelea kuandika juu ya ramani iliyochanika.

Soma `dmesg` kuanzia chini kwenda juu mpaka upate kosa la kwanza. Kama kabla ya `EXT4-fs error` kuna makosa ya I/O, tatizo ni diski, na kutengeneza mfumo wa faili juu ya diski mbovu ni kuimalizia. Nakili kwanza kwa `ddrescue` kwenda diski nyingine isiyo na kasoro, kisha utengeneze hiyo nakala. Kama hakuna kosa la I/O, shuku RAM isiyo na ECC (urekebishaji wa makosa), umeme uliokatika wakati kontrola haina betri, au kerneli. Ndiyo, kerneli: Desemba 2023 Debian ilisimamisha utoaji wa picha za 12.3 kwa sababu toleo la 6.1.64 lilikuwa na kosa linaloweza kuharibu data kwenye ext4. Marekebisho yalikuja na 6.1.66. Uliza nini kilisasishwa juzi.

Chomoa mfumo wa faili (`umount`) kabla ya kuugusa. `fsck` juu ya mfumo uliopachikwa ni njia ya haraka ya kugeuza tatizo dogo kuwa msiba. Anza kwa kutazama bila kuandika: `e2fsck -fn /dev/sdb1` au `xfs_repair -n /dev/sdb1`. ext4 ikisema supabloku (bloku yenye maelezo ya mfumo wote) haisomeki, tumia ya akiba. Kwenye mfumo wa bloku za KB 4 ya kwanza huwa 32768:

```
e2fsck -b 32768 /dev/sdb1
```

`xfs_repair` inaweza kukataa ikisema jurnali bado ina kazi. Ipachike na kuichomoa mara moja ili jurnali ijitekeleze, ndipo urudie. Intaneti imejaa watu wanaokuambia uongeze `-L`. Herufi hiyo inaifuta jurnali, pamoja na mabadiliko yote yaliyokuwa hayajafika mahali pake. Ina nafasi yake, ambayo ni baada ya kupachika kushindikana na baada ya kuwa na nakala.

## Diski "imejaa" na haijajaa

Kwa ufupi. `df -h` ina nafasi lakini huwezi kuunda faili: piga `df -i`, inodi (kila faili linahitaji moja) zimeisha, na kwenye ext4 idadi yake iliamuliwa siku ya kuunda mfumo. Umefuta mafaili na nafasi hairudi: `lsof +L1`, kuna programu bado imeyashika, iwashe upya. Root anaandika na wengine hawaandiki: ni ile asilimia 5 ambayo ext4 humtengea root.

## Imekataa kuwaka

`VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)` mara nyingi ni initramfs (mfumo mdogo wa kuanzia kuwaka) iliyokosekana, mara nyingi kwa sababu `/boot` ilijaa wakati wa kusasisha kerneli. Chagua kerneli ya zamani kwenye GRUB (menyu ya kuwaka), futa zilizozidi, uitengeneze upya initramfs. Ikikaa sekunde 90 kisha ikakutupa kwenye hali ya dharura, kuna mstari kwenye `/etc/fstab` unaotaja diski ambayo haipo. Diski za data zisizo za lazima ziwekee `nofail`, na za mtandao `_netdev`.

## Ikibidi kuwasha upya

Ukishakusanya ulichohitaji na hakuna dalili ya kufunguka, amri ya `reboot` inaweza nayo kukwama ikijaribu kuchomoa kilichoganda. Njia isiyosubiri mtu ni hii, ukipumzika sekunde chache kati ya mstari na mstari:

```
echo s > /proc/sysrq-trigger
echo u > /proc/sysrq-trigger
echo b > /proc/sysrq-trigger
```

Wa kwanza unaomba data iandikwe, wa pili unageuza mifumo kuwa ya kusoma tu, wa tatu unaikata papo hapo.

Kwa seva zinazoganda usiku bila kuacha alama, weka `netconsole` itume ujumbe wa kerneli kwa UDP kwenda mashine nyingine, au kdump, ambayo huhifadhi picha ya kumbukumbu kerneli inapoanguka. Ukichagua kdump, ielekeze kuhifadhi kupitia SSH. Ikihifadhi kwenye diski ileile inayoganda, haikusaidii. Ili mgando uzalishe hiyo picha ya kumbukumbu bila wewe kuamka, weka `kernel.hung_task_panic=1` pamoja na `kernel.panic=10`. Fanya hivyo kwenye seva ambayo ina mwenzake wa kupokea kazi. Kwenye seva iliyo peke yake yenye bekapu nzito za usiku, rekebisha kwanza `vm.dirty_bytes`, la sivyo itajiangusha yenyewe kila bekapu inapochelewa dakika mbili.